Wakulima Saba wa Kadyr

Kila nikiisimulia habari hii hasira hunipanda upya, kwa hiyo anayetaka kusikia akae atulie asinikatize. Na asije akaniambia eti ni baridi, au mishipa, au mimba ilinichanganya akili. Hayo nimeshaambiwa. Walioniambia sasa hivi hawapiti nyuma ya nyumba yetu jua likianza kuzama.

Ilikuwa Alhamisi, mwishoni mwa Novemba. Mama mkwe wangu, Mama Burul, alinituma dukani nikachukue mafuta ya kukaangia. Alhamisi jioni lazima nyumba inuke mafuta ya moto, maana marehemu hula harufu, na marehemu wa nyumba ile hawakuwahi kulala njaa tangu niolewe. Unga wa borsok, vile vimaandazi vyetu vya kukaanga, ulikuwa umeshaumuka. Tumbo langu lilikuwa limetangulia mbele, njia imeganda barafu, na ndani ya nyumba alikuwemo mwanamume mzima amekaa kitako. Aliyetumwa ni mimi.

"Kwani Kadyr hayupo?" niliuliza huku nikihangaika na buti.

"Muache mwenzio, ana kazi," alijibu mama mkwe bila kunitazama.

Kazi! Hebu niwaambie hiyo kazi.

Mume wangu alikuwa na gemu kwenye kompyuta. Gemu ya kijiji cha kale, zama za mapanga na mashoka, hakuna trekta, hakuna duka. Unaanza na kibanda chako porini, unakata miti, unajenga ghala, unakusanya watu, unampa kila mtu kazi yake. Majira ya baridi yakikukuta ghala tupu, watu wako wanakufa mmoja mmoja. Kadyr alisema kujenga ni rahisi, kinachowashinda watu ni mashamba. Basi akawa fundi wa mashamba. Konde la kaskazini lipandwe ngano kabla ya theluji, likivunwa lifuate kitani, baada ya kitani maharage, kisha lilazwe mwaka mzima limwagiwe samadi. Konde la kisima nalo lianze na kabichi, lisikutane na mwenzake kwenye zao moja. Kila konde alilipa rangi, kila msimu aliukalia kikao. Usingizini alikuwa ananung'unika shayiri.

Na shamba la kweli? Shamba alilorithi kwa baba yake, pale nyuma ya nyumba? Maharage. Mwaka huu maharage, mwakani maharage, kama bonde letu zima la Talas, mpaka udongo umepauka na majani yanatoka na kutu. Nilimwambia, nikarudia, nikachoka. "Walau kipande kimoja tukipumzishe. Tutie shayiri." Akanicheka usoni. "Zuura, kilimo niachie mimi." Eti aachiwe yeye! Mtu analaza shamba la picha, shamba la baba yake analikamua kama ng'ombe wa kuazima.

Hilo tu lingetosha. Lakini kulikuwa na la majina.

Kwetu mkamwana hataji majina ya wakubwa wa ukoo wa mumewe. Baba mkwe, babu mkwe, na wote walio juu yao, awe hai au awe kaburini, jina lake halipiti mdomoni mwako. Ukitaka kumtaja unazunguka: yule mzee, yule mwenye farasi mwekundu. Nimeishi hivyo tangu siku niliyofungwa kitambaa cheupe cha ndoa, na sikuwahi kulalamika. Mwanamume naye ana mzigo wake. Lazima awajue kwa kichwa baba zake saba, kuanzia aliyemzaa kurudi nyuma, na asiyewajua huchekwa kila penye watu.

Gemu ilitaka majina ya wanakijiji. Kadyr akatoa yale yaliyokuwa kichwani mwake.

Baba zake saba.

Nikawa jikoni nasikia kutoka chumbani, "Sadyr, mvivu mkubwa wewe, nenda kwenye kitani!" Mara, "Jumaly, samadi!" Mara, "Mzee Tilek, mbona umesimama? Shika jembe!" Mtashangaa leo ninayataja. Nitafika huko. Siku zile nilikuwa nikiyasikia mwiko unanitoka mkononi. Mimi mtoto wa watu nimeufunga mdomo wangu kwa heshima, na mwenye damu yao anawafokea kama punda.

Mama mkwe alisikia pia, akameza. Kadyr ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba na mama. "Mtoto anacheza," alisema. Mtoto! Mwenye mvi kidevuni!

Basi nikaenda dukani, nikachukua mafuta, nikarudi kwa njia ya nyuma kwa sababu ni fupi. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima, lakini theluji bado inatoa mwanga, unaona vizuri tu. Nilipofika kwenye kona ya shamba letu nikasikia.

Ko... ko... ko...

Jembe. Jembe kwenye ardhi iliyoganda.

Halafu harufu. Udongo mbichi, uliotoka kupinduliwa, na jasho la watu wazima waliofanya kazi tangu alfajiri. Mwezi ule udongo wa kwetu haunuki chochote. Unakuwa mgumu kama sakafu.

Nilidhani ni wezi. Tulikuwa tumerundika mashina makavu ya maharage pale kwa ajili ya ng'ombe, na kuna majirani mikono yao mirefu. Sikuogopa, niliwaka.

"Nani huyo? Hivyo ni chakula cha ng'ombe wetu! Hamna haya?"

Alikuwa mzee. Joho la pamba limechanika mabegani, kichwa wazi, miguu mitupu juu ya barafu. Aliinama, akapiga jembe, akainuka nusu, akainama tena. Nyuma yake walikuwepo wengine wamejipanga mstari mmoja, wakienda pamoja.

Majembe yakasimama. Yote, kwa mara moja.

"Mkamwana..." Ilikuwa sauti ya chini, kavu. "Leo tunapumzika?"

"Mnapumzika nini? Nyinyi ni akina nani?"

"Konde la kaskazini linapumzika," alisema. "Konde la kisima limepumzika mwaka wa pili. Na sisi je?"

Shamba letu halina konde la kaskazini. Halina kisima. Majina hayo yalikuwa sehemu moja tu duniani, kwenye kompyuta ya mume wangu.

Chupa ya mafuta ilianza kuteleza mkononi. Nikaikumbatia.

"Ardhi anaihurumia," mzee alisema, na hapo ndipo nilipoisikia hasira yake, imebanwa chini chini. "Ardhi anaipangia zamu. Sisi hatuna zamu. Tunavuna, tunapanda, tunavuna. Hatulali. Harufu ya mafuta inatufikia, na ruhusa ya kuweka jembe chini hatuna."

Mtu ambaye sipaswi hata kumtaja jina alikuwa ananilalamikia.

"Na huyu mdogo," akaongeza, "hata kushika jembe hajui. Tunamfundisha."

Kuna kitu kilisogea nyuma ya joho lake. Kifupi. Hakifiki gotini.

Tumboni mwangu mwanangu, ambaye kutwa nzima alikuwa anapiga mateke, alitulia.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nakumbuka niliiweka chupa mezani mbele ya mama mkwe, nikampita, nikaingia chumbani nimevaa buti na theluji yake. Kadyr alikuwa anatabasamu mbele ya kioo cha kompyuta.

"Njoo uone," alisema. "Mwaka huu ghala linajaa mpaka juu."

"Umemwandika nani?"

"Wapi?"

"Humo! Mbali na wazee. Umemwandika nani mwingine?"

Akacheka. "Nani amekwambia? Kuna mtoto amezaliwa kijijini, gemu ikataka jina. Nikampa la mwanetu."

Kwetu jina la mtoto halitamkwi kabla hajazaliwa. Halitamkwi, haliandikwi, halichaguliwi kwa sauti. Kadyr analijua hilo kama ninavyolijua mimi.

"Jina gani?"

"Hulisikii mpaka azaliwe. Nimeliwaza peke yangu, ni zuri, utalipenda." Akagonga kioo kwa kidole. "Akikua kidogo anaingia kazini. Nimeshampangia maharage, ni kazi nyepesi."

"Lifute, Kadyr."

"Wewe una nini? Katikati ya mavuno siwezi kumtoa mtu, mpango wote unavurugika."

"Baba zako wako nje wanalima! Nimewaona! Lifute jina la mwanangu!"

"Mimba hiyo," alisema, na akarudi kwenye makonde yake. Mimba hiyo! Nikaufuata waya ukutani niuchomoe. Akanidaka mkono, akanibana kifundo mpaka nikapiga kelele. "Usiguse! Sijahifadhi!"

Hapo umeme ukakatika.

Majira ya baridi umeme wetu hukatwa kwa zamu, kila mtu amezoea. Ungoje kidogo, uwashe taa ya betri. Lakini safari hii chumba kilinuka udongo mbichi. Kilinuka jasho. Mkono wa Kadyr uliokuwa umenibana ukalegea.

Mtu alinong'ona, karibu na sikio lake, si langu.

"Kadyr... mbona umesimama?"

Halafu wengine, kutoka pembe zote, polepole, "Shika jembe."

Nikasikia kofi. Moja tu, la kiganja kigumu kwenye shavu.

Mama mkwe alipoingia na taa, Kadyr alikuwa sakafuni. Mdomo wake umevutwa upande mmoja kuelekea sikioni, mkono wa kulia umelala kama si wake. Macho yalikuwa wazi, yanaangalia dirisha la nyuma. Mama Burul aliishika sura ile kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kama aliyechoka.

"Wamempiga," alisema. "Wazee wamempiga."

"Waondokeje, Mama?"

"Walioitwa kwa jina huachiwa kwa jina. Mmoja mmoja. Na anayetakiwa kuwaachia ndiye huyo aliyewaita."

Tukamtazama Kadyr. Mate yalikuwa yanamtiririka. Alitoa sauti moja tu, "mmm", kama ng'ombe aliyefungiwa.

Nje ya ukuta, karibu kabisa sasa... ko... ko... ko...

"Basi wewe, Mama. Wewe ni mkubwa."

Alifungua mdomo. Nilimwona anajaribu kweli, midomo inatetemeka. Jina la mumewe wa ndoa, aliyezaa naye, aliyemzika, halikutoka. Hakuwahi kulitamka maisha yake yote na ulimi haukujua pa kuanzia. Akaanza kulia.

Nikasema, "Nitayataja mimi."

"Utalaaniwa, mwanangu! Wewe ni mkamwana!"

"Nani wa kunilaani? Hao wanaolimishwa bure? Kaanga, Mama. Tafadhali, kaanga!"

Alikaanga huku akilia, na mafuta yakamrukia mikononi asijali. Nikabeba bakuli la borsok za moto, na kwa mkono mwingine tawi la mreteni la kufukuzia mabaya, linalofuka moshi, nikatoka.

Niseme ukweli, sikutoka kwa ujasiri. Nilitoka kwa hasira. Nilikuwa na hasira na Kadyr, na mama yake aliyemlea hivyo, na wazee wenyewe, ambao walikuwa na mjukuu wao wa kumpiga tangu mwanzo lakini wakasubiri mpaka mwanangu aingizwe mstarini. Nikasimama kwenye ukingo wa shamba, nikapaza sauti mpaka mbwa wa kijiji wakabweka.

"Toktobai, mwana wa Sadyr! Weka jembe chini! Pumzika!"

Jembe moja likaanguka. Nililisikia linagonga barafu. Kisha pumzi ikapita usoni mwangu, baridi, na harufu ya mafuta kwenye bakuli ikapungua.

"Sadyr, mwana wa Jumaly! Pumzika! Jumaly, mwana wa Kerimkul! Inatosha, pumzika!"

Likaanguka. Likaanguka.

Ulimi uliniwaka kweli, kama nimelamba chuma wakati wa theluji. Kerimkul. Esenaly. Botbai. Kila mmoja nilimwita kwa sauti ileile ya ugomvi, kwa sababu nyingine sikuwa nayo. Kila mmoja alipita, akavuta harufu yake, akaenda zake kuelekea makaburini. Wa mwisho, Mzee Tilek, alisimama mbele yangu kidogo. Sikumwona uso. Alisema "mkamwana" tu, kwa upole, na akapita.

Borsok bakulini zilikuwa bado zinatoa mvuke. Nilinusa. Hazikuwa na harufu yoyote.

Kimya.

Nikakaa chini kwenye theluji nikaanza kushukuru.

Ko...

Ilikuwa nyepesi. Mkono usio na nguvu.

Ko... ko...

"Mwanangu," niliita. "Mwanangu, weka chini. Pumzika."

Ko...

"Ni mimi mama yako! Weka chini!"

Hakusikia. Au alisikia asijue kwamba anaitwa yeye. Alikuwa ameingizwa kule kwa jina, na jina lile nilikuwa silijui.

Nikarudi ndani, nikamshika Kadyr kola ya shati na kumtikisa. "Jina! Umempa jina gani? Sema!" Machozi yalimtoka. "Mmm," alisema. "Mmm." Nikamtia penseli kwenye mkono wa kushoto, ulio mzima, nikaweka karatasi. Alichora mraba. Kando yake akachora mraba mwingine, akaugawa, akauchorea mistari ya matuta. Nikamnyang'anya, nikampa karatasi nyingine. Akachora makonde.

Tulingoja umeme. Ukarudi kwa kishindo, kama unavyorudi mara nyingine, taa zikapasuka jikoni, na kompyuta ikatoa cheche na harufu ya plastiki iliyoungua. Fundi aliifungua akaangalia, akasema hata ingepona, kitu ambacho hakikuhifadhiwa hakimo.

Mwanangu alizaliwa kabla theluji haijaisha. Yu hai, ni mnene, ananyonya vizuri. Mama mkwe alimwita shehe akampa jina sikioni kwa adhana, kama inavyotakiwa. Hageuki kwa jina hilo. Tumejaribu jingine, hageuki. Kadyr hukaa dirishani na tangu siku ile hajasema neno. Nikimwuliza, "Ni hili?" hutikisa kichwa kukataa, na hukataa vilevile nikimwuliza kama yeye ni Kadyr.

Shamba sijapanda kitu, nimeapa halitaliona harage. Lakini kila nikiamka nakuta tuta jipya, jembamba, limenyooka vizuri.

Kila jioni nasimama pale ukingoni na kuita. Nimemaliza majina ya wanaume wa kijiji chetu. Nimemaliza ya bonde zima, ya waliokufa na walio hai, nimeingia kwenye majina ya Warusi na Wakazaki. Najua watu wanasema mke wa Kadyr amerukwa na akili. Waseme. Kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja jina asilotakiwa kulitaja na kuona linafanya kazi.

Juzi nilimpeleka mtoto kliniki kupata chanjo. Daktari ni kijana mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mbali. Alimpima, akamsifia uzito, akamkunjua vidole acheze naye. Kisha akaacha kucheza. Akakisogeza kile kiganja kwenye mwanga wa dirisha, akakigusa kwa kidole gumba, akakunjua na kile kingine.

Viganja vya mwanangu vina sugu. Bado hajaanza hata kutambaa.

"Mama," daktari aliniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mnamfanyisha kazi gani huyu mtoto?"

Nilimwuliza yeye anaitwa nani, maana alikuwa mwanamume, ametoka mbali, na jina lake nilikuwa bado sijalijaribu.